Blenda ya Laki Tano

Wiki ya kwanza ya muhula huu lilisimamishwa hema la benki moja nje ya jengo la utawala. Spika zilikuwa zinapiga muziki, na vijana waliovaa sare walikuwa wanagawa kalamu, chupa za maji na fulana kwa kila aliyejaza fomu. Foleni ya mwaka wa kwanza pale ilikuwa ndefu kuliko ya usajili. Nikamuuliza mmoja wao anajaza nini. "Sijui vizuri dada," akasema, "ila ni kadi ya pointi. Wamesema siku ukipata ajira inakuwa tayari, na unalipwa kwa kutumia."

Unalipwa kwa kutumia. Maneno hayohayo niliambiwa mimi miaka minne iliyopita, kabla sijarudi chuoni kusoma shahada ya pili. Nilikuwa na miezi mitano kazini, mshahara unaoingia mkononi ni 780,000, na najiona nimemaliza shida za dunia. Afisa mauzo wa benki akaja ofisini saa ya chai. Alikuwa mpole, anajua kuongea. Akanieleza kadi ya mkopo yenye pointi: kila 1,000 ninayolipa kwa kadi ninapata pointi moja, na pointi moja ni shilingi 10 za manunuzi. Kiwango changu cha kukopa kingekuwa milioni moja na nusu. Ada ya mwaka 50,000. Na kama ningetumia milioni moja ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, ningepewa pointi 5,000 za makaribisho.

Nilisaini kabla chai haijapoa.

Naandika haya si kwa sababu kadi ya mkopo ni kitu kibaya. Si kweli. Naandika kwa sababu nilikuwa na digrii, na bado sikupiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano angeipiga. Ngoja tuipige hapa.

Pointi moja kwa kila 1,000, na pointi moja ni shilingi 10: maana yake nilikuwa narudishiwa asilimia moja. Ili asilimia moja ifidie ada ya 50,000 tu, sijaanza kupata faida yoyote, nilitakiwa kulipa kwa kadi 5,000,000 kwa mwaka. Hiyo ni karibu 417,000 kila mwezi, zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Sasa jiulize mshahara wa kijana wa Dar es Salaam unaenda wapi. Kodi ya chumba, mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi au kwa simu. Daladala, taslimu. Mama ntilie, taslimu. Nyanya, vitunguu na dagaa vya sokoni, taslimu. Umeme na vocha, kwa simu. Kwa mangi wa mtaani mashine ya kadi hakuna. Nilipokaa chini baadaye nikagundua matumizi yangu yanayoweza kupita kwenye kadi hayakuzidi laki moja kwa mwezi. Hizo ni pointi za shilingi 1,000 kwa mwezi, 12,000 kwa mwaka. Nililipa 50,000 ili nirudishiwe 12,000.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze kuangalia kadi inatoa nini. Anza na maisha yako. Chukua daftari, andika mwezi mzima ulilipa nini, wapi na kwa njia gani. Kadi nzuri kwa anayejaza mafuta kila siku na kulala hotelini kikazi inaweza kuwa takataka kwako wewe unayepanda mwendokasi.

Mimi nilifanya kinyume. Badala ya kutafuta kadi inayofaa maisha yangu, nilianza kubadilisha maisha yafae kadi. Nyanya nikaacha kununua sokoni, nikawa naenda supamaketi kwa bei ya juu, eti napata pointi. Na ile milioni moja ya miezi mitatu ilipoonekana haifiki, nikanunua simu ya 900,000. Simu niliyokuwa nayo haikuwa na tatizo lolote.

Taarifa ya mwezi ilipokuja ilisema ninadaiwa milioni moja, lakini nikitaka naweza kulipa asilimia 10 tu, yaani laki moja. Nikafurahi sana. Jamani, hapo ndipo mtego ulipo. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa, manunuzi yako hayatozwi riba hata senti. Ukibakisha, kilichobaki kinaanza kuzaa. Kadi yangu ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi. Asilimia 3 inasikika ndogo, mpaka uizidishe kwa miezi 12 na kukumbuka kwamba pointi zako ni asilimia moja. Mwezi wa kwanza riba ilikuwa 30,000. Wa pili, baada ya kulipa laki moja, ilikuwa 27,900. Jumla 57,900. Zile pointi 5,000 za makaribisho, ambazo kwa shilingi ni 50,000, zilikuwa zimeshaliwa ndani ya miezi miwili, na deni bado liko pale.

Halafu mwezi wa nne baba akalazwa. Sikuwa na akiba, maana laki yangu ya kila mwezi ilikuwa inakwenda benki. Nikaenda na kadi ileile kwenye ATM nikatoa laki nne. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo ni habari nyingine kabisa: kuna ada ya kutoa, kwangu ilikuwa 16,000, riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo bila kusubiri mwisho wa mwezi, na pointi hupati hata moja. Ninaposema hakuna aliyeniambia, nakiri pia kwamba iliandikwa. Ilikuwa ukurasa wa saba wa mkataba, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi.

Baba alipona, tunashukuru. Mimi nililipa laki moja kila mwezi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mdogo wangu, ambaye nilikuwa nimemuahidi ada ya chuo cha ufundi, aliripoti akiwa amechelewa muhula mzima. Hakunilaumu. Alisema tu, "Sawa dada, nitasubiri." Hilo sawa lake bado nalisikia.

Nilipomaliza deni nilijumlisha. Riba, ada ya kutoa fedha na ada mbili za mwaka zilipita laki tano. Pointi zangu zote zilikuwa na thamani ya kama 60,000, nikazichukua kwa vocha ya supamaketi, nikanunua blenda. Ninayo hapa chumbani hosteli. Inasaga juisi ya parachichi vizuri tu. Wenzangu wakija wanaisifia, nami nawaambia ni ya laki tano.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana haki ni haki. Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa na kadi ileile, ya benki ileile. Yeye kazi yake ilikuwa ya safari za mikoani. Mafuta na hoteli analipa kwa kadi, ofisi inamrudishia, na alikuwa ameagiza benki imkate deni lote kwenye akaunti ya mshahara kila mwezi bila yeye kugusa chochote. Riba hakuwahi kuijua. Kila mwisho wa mwaka anachukua vocha nene, anapeleka sikukuu kwa watoto. Kwake kadi ilikuwa inalipa kweli.

Nilijiuliza sana hela za vocha yake zinatoka wapi. Benki haina shamba la pointi. Sehemu inatoka kwa mwenye duka, kwa sababu kila ukilipa kwa kadi anakatwa asilimia fulani ya mauzo, na mwenye duka naye huirudisha kwenye bei, wanaolipa taslimu wakiwemo. Sehemu nyingine inatoka kwenye ada za mwaka. Na sehemu inatoka kwenye riba ya watu kama mimi. Kwa maneno mengine, mimi wa 780,000 nilikuwa nachangia sikukuu ya mtu anayepata mara tatu yangu. Si kosa lake. Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa: anayelipa deni lote anapewa zawadi, anayebakisha ndiye analipia zawadi. Kabla hujasaini, jua utakuwa upande gani. Na usijibu kwa matumaini, jibu kwa historia yako. Kama bumu huwa linaisha wiki ya tatu na unaanza kukopa kwa rafiki, mshahara nao utakuwa hivyohivyo mwanzoni. Tabia haibadiliki siku ya kusaini mkataba wa ajira.

Mtu akiniuliza leo, nitamwambia aulize maswali matano kabla ya kalamu kugusa karatasi. Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na kwa mwaka ni ngapi? Ada ya mwaka ni kiasi gani, na mwaka wa pili inabaki hiyohiyo? Pointi moja ni shilingi ngapi, inaisha muda lini, na inatumika wapi? Kutoa taslimu kunagharimu nini, na kulipa kwa fedha za kigeni mtandaoni je? Na la tano, naweza kuagiza deni lote likatwe moja kwa moja kila mwezi? Kama jibu la la tano ni hapana, au ni ndiyo lakini moyo wako unasita, basi kadi hiyo si yako kwa sasa. Ukiichukua, omba kiwango kidogo, kisichozidi kile unachoweza kulipa kwa mshahara mmoja. Nunua kile tu ambacho ungekinunua hata bila pointi. Na kumbuka ukichelewesha malipo, habari zako zinakwenda kwenye taasisi za kumbukumbu za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, na siku ukitaka mkopo wa maana wa kujenga au biashara, faili lako litafunguliwa.

Narudi kwenye lile hema. Marekani, ambako biashara hii ilikomaa kabla yetu, wameyapitia haya. Mwaka 1958 Bank of America iliwatumia watu wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba. Mwaka 1986 ikaja kadi ya Discover, iliyojitangaza kwa kumrudishia mteja sehemu ya fedha alizotumia. Kwa miaka mingi mahema ya kadi yalijaa vyuoni kwao, fulana na piza za bure kwa anayejaza fomu. Mwaka 2009 Bunge lao likapitisha sheria, Rais Barack Obama akaitia saini mwezi Mei: ni marufuku kumpa mwanafunzi zawadi, ndani ya chuo au jirani na chuo, ili aombe kadi ya mkopo. Na aliye chini ya miaka 21 hapewi kadi mpaka aonyeshe kipato chake mwenyewe au apate mtu mzima wa kusaini naye. Hiyo ni nchi inayopenda soko huria kuliko karibu nchi yoyote. Waliona fulana na mkataba wa deni havipaswi kukaa meza moja.

Serikali ya wanafunzi ndiyo inayoshirikishwa mahema yanapokuja hapa, na mara nyingi ndiyo inayopewa udhamini wa bonanza. Siombi mahema yafukuzwe. Naomba mambo mawili. Kwanza, hakuna zawadi inayotolewa kwa sharti la kujaza fomu: anayetaka kugawa fulana agawe kwa wote. Pili, kila hema la kadi au mkopo libandike karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye majibu ya maswali yale matano, kwa herufi inayosomeka ukiwa umesimama.

Najua wapo watakaosema sisi ni watu wazima, tuachwe tuamue wenyewe. Nakubali kabisa. Lakini hata mangi ukimuuliza bei ya sukari anakutajia kabla hujafungua pochi. Mtu mzima haombi kuchaguliwa, anaomba kutajiwa bei.

Siku ile niliondoka kwenye foleni bila kumwambia yule mdogo wangu wa mwaka wa kwanza chochote. Nilichelewa kipindi, nikaona nitaonekana mjuaji. Alikuwa amevaa fulana tayari. Kama unasoma haya na una fulana hiyo, ivae tu, haina kosa. Ila wakikupigia simu siku umepata kazi, waulize yale matano. Na kama hujui kupiga hesabu yao, njoo hosteli, nitakusagia juisi tuipige pamoja.