Kesi ya Ngedere Kwa Nyani?

Mwaka jana niliachwa nje ya timu ya mbio za nyika ya mtaa wetu bila kupewa sababu. Nilipolalamika, aliyenisikiliza alikuwa kocha yule yule aliyeniacha! Akacheka, akasema, "Rufaa imekataliwa." Ama kweli, kesi ya ngedere usimpelekee nyani.

Kumbe nchi yetu imelifikiria jambo hili. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda Jopo la Mizozo ya Michezo. Mchezaji aliyeadhibiwa, au aliyeachwa nje ya timu ya taifa, anaweza kukata rufaa huko, mradi kanuni za shirikisho lake zinaruhusu. Wanajopo huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Mashirikisho hushauriwa tu, hayateui. Mwenyekiti sharti awe na sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kipindi chao hakizidi miaka mitano, nao huweza kuteuliwa tena mara moja tu.

Wengine watasema, "Ah, hayo ni ya wakubwa." Sikubali. Mtu humwogopa aliyempa cheo. Aliyempa cheo akiwa ndiye mshtakiwa, haki utaipata wapi?

Napendekeza malalamiko ya michezo hapa shuleni yasikilizwe na watu watatu wasiohusika na timu yoyote, wabadilishwe kila mwaka. Mimi siombi kurudishwa timuni kwa kuhurumiwa. Nataka tu kusikilizwa na mtu ambaye bado hajaamua.