Mambo ya Nyumbani: Sakafu Yenye Baridi

Baba mmoja wa vilima vya Kibondo ametuuliza hivi: "Nyumba yangu ni ya matofali, paa ni la bati, lakini watoto hulala wakitetemeka, na yule mdogo hakohoi vizuri tangu mvua zilipokwisha. Kila jioni nawasha moto ndani. Mbona sakafu haipati joto?"

Swali lake ni la wengi, wasomaji wapenzi. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari, lakini Kibondo iko kama mita 1,500. Mwenye kupanda kutoka Kigoma sharti achukue blanketi. Na miezi ya sita na ya saba, wakati mbingu ni nyeupe bila wingu, usiku wa Buha huuma kweli.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Joto la moto hupanda juu, halishuki chini. Mwashe moto mkubwa namna gani, bati litapata joto, na ardhi itabaki kama ilivyo. Tena sakafu hunyonya joto la mwili wa mtu aliyelala juu yake, na ikiwa na unyevu hunyonya zaidi. Ndiyo maana hata sakafu nzuri ya saruji yaweza kumtesa mtoto kuliko udongo mkavu uliofunikwa majani.

Zamani Warumi waliinua sakafu za nyumba kubwa juu ya nguzo fupi za matofali, wakapitisha moshi wa moto chini yake. Wakorea nao walifanya vivyo hivyo tangu kale. Lakini walipoanza kutumia makaa ya mawe, hewa yenye sumu ilipenya katika nyufa za sakafu, na watu wengi wakafa usingizini. Baadaye wakaanza kupitisha maji ya moto katika mabomba.

Nasi tuna hatari hiyohiyo, ila sisi huileta kwa mikono yetu. Nakumbuka usiku mmoja nilipokuwa mgeni mahali fulani. Wenyeji wangu, kwa wema wao, waliniletea jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha nisipigwe na baridi. Nikaamka kichwa kikipasuka, miguu haina nguvu. Nilitambaa mpaka mlangoni. Kama ningalilala saa moja zaidi, leo nisingeandika habari hizi.

Mkaa unaowaka hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka. Hewa hiyo hushika damu na kuizuia isichukue hewa nzuri. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, moyo huchafuka, kisha usingizi mzito. Ukiona dalili hizo, fungua mlango, watoe wote nje, uwapeleke hospitali upesi. Na wewe, baba uliyetuuliza, jiko litoke nje kabla watu hawajalala. Usiseme, "Limebaki makaa machache tu." Machache hayo ndiyo yanayoua.

Basi, tufanye nini? Anza kwa kupima. Jioni tandika kipande cha nailoni sakafuni, weka mawe pembeni kisipeperuke. Asubuhi kifunue. Upande wa chini ukiwa na maji, unyevu unatoka ardhini, nao hupanda kama mafuta katika utambi.

Dawa yake ya kwanza ni mfereji. Uchimbe upande wa mlimani, hatua moja kutoka ukutani, nao uteremke kuliko sakafu, ili maji ya mvua yapite kando.

Ya pili ni sakafu yenyewe. Wakati wa kiangazi toa udongo wenye maji. Panga mawe makubwa kama ngumi kwa kina cha shubiri moja, kisha changarawe. Maji hayawezi kupanda katika nafasi za mawe. Ukiwa na nailoni nzima isiyotoboka, itandike juu yake. Kisha weka udongo mkavu, ushindilie kwa gogo mpaka ulie kama ngoma. Sakafu iwe juu ya uwanja wa nje kwa shubiri moja. Kila ufa uzibwe, maana humo hukaa papasi waletao homa, na katika vumbi huzaliana funza.

Ya tatu ni kitanda. Miti minne, fito na kamba vyatosha kumwinua mtoto asiguse ardhi. Asiyeweza bado, atandike majani makavu ya migomba, juu yake mkeka, naye ayaanike juani na kuyabadili mara kwa mara. Na akina mama, sikieni: mwenye mablanketi mawili alaze mtoto juu ya moja na kumfunika kwa la pili. Watu wengi huyaweka yote mawili juu, na baridi inapita chini.

Ya nne, acheni tundu karibu na paa ili hewa ipite. Chumba kilichozibwa kabisa si chumba chenye joto, ni chumba chenye unyevu wa pumzi.

Kuhusu yule mtoto anayekohoa, msingoje sakafu iishe. Akipumua upesi upesi, au kifua chini ya mbavu kikiingia ndani anapovuta pumzi, mchukueni zahanati siku hiyohiyo. Huenda ni homa ya mapafu, nayo haingoji.

Kazi yote hii haihitaji fedha nyingi. Mawe yamo mashambani, nayo huharibu majembe yetu kila mwaka. Watoto wayakusanye wakirudi kutoka shule, na majirani wasaidiane: leo nyumba hii, kesho ile.