Tochi ya mfukoni na deni la taa za mtaa

Ukipita Mwembe Tayari hapa Mombasa jioni, au kwenye vibanda vya Kongowea, utaziona zimepangwa juu ya gunia: tochi nyeusi za chuma, urefu wa kiganja, zenye kioo cha kuvuta mbele na mdomo uliochongwa meno. Mchuuzi haisifu kwa maneno mengi. Anabonyeza kitufe cha nyuma, mwanga unatoka mkali; anabonyeza tena, unapungua; anabonyeza tena, unafifia; mara ya nne unaanza kuwaka na kuzima kwa kasi, mara kumi au zaidi kwa sekunde, mpaka mnunuzi anageuza uso. Hapo biashara imekwisha, kilichobaki ni kupatana bei.

Tochi hiyo haiuzwi kwa sababu inaonyesha njia. Inauzwa kama kinga: ukimulikia mtu mbaya usoni, macho yanamchanganya, nawe unapata nafasi ya kukimbia. Swali la kujiuliza ni kama ahadi hiyo inalingana na usiku wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na kama tuichukulie kuwa suluhisho au dalili ya jambo lililotushinda.

Hofu yenyewe haina ubishi. Kwa muda wa miaka kumi hivi, wakazi wa ng'ambo ya kisiwa wamezoea habari za vijana wa mapanga. Wanakuja kwa kundi, wengi wao wa umri wa kwenda shule, wanaingia mtaani magharibi au alfajiri, wanamkata kila wanayekutana naye, wanachukua simu na kutawanyika vichochoroni. Serikali ilipotangaza orodha ndefu ya magenge haramu mwishoni mwa mwaka 2016, chini ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010, makundi ya Mombasa yalikuwamo. Wakali Kwanza na Wakali Wao ni majina yasiyohitaji kuelezwa mtu wa Kisauni. Wanaoumia zaidi ni wale ambao riziki haiwaruhusu kusubiri kupambazuke: mama anayetaka kufika Kongowea kabla mboga hazijagawanywa, mfanyakazi wa shifti ya usiku anayetoka bandarini kurudi Chaani au Magongo, dereva wa tuktuk, mzee anayekwenda msikitini kwa sala ya alfajiri. Mtu kama huyo akinunua tochi, hakuna wa kumcheka.

Na sayansi iko upande wake, kwa kiasi. Jicho likikaa gizani hujizoesha polepole. Linahitaji dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wake kamili wa kuona usiku. Mwanga mkali wa ghafla unaifuta kazi hiyo mara moja. Ukiwa wa kuwaka na kuzima, ubongo unapata taabu ya ziada, maana kila unapoanza kupima umbali na mwendo wa kilicho mbele, picha inakatika. Matumaini ya kuugeuza mwanga kuwa silaha ni ya zamani. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walifunga taa kubwa ndani ya vifaru ili kumpofusha adui usiku. Walitengeneza mamia, lakini kwa kazi hiyo karibu havikutumika, na vichache vilivyofika mto Rhine mwaka 1945 viliishia kuulinda kwa kumulika maji. Mwaka 2007 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iligharamia kampuni moja ya California itengeneze tochi ya kumtia mtu kizunguzungu na kichefuchefu. Hiyo nayo haikuwa kifaa cha kawaida cha polisi popote. Wenye fedha na maabara wamejaribu, wakaona mwanga unasumbua bila kusimamisha.

Tuilete sasa tochi ya mchuuzi katika kichochoro cha Mtopanga, Kisauni. Mwanga wake ni mwembamba, unamfikia mtu mmoja, labda wawili waliokaribiana. Kundi la mapanga halipangi foleni mbele yako. Wengine wako ubavuni na wengine nyuma. Kuta za chokaa na mabati yaliyo karibu hurudisha mwanga, ukajikuta nawe umepofuka. Aliyefumba macho na panga mkononi bado ana panga mkononi, na kwa hatua mbili halihitaji shabaha. Wenyeji wa Likoni hawana haja ya kufundishwa hesabu hii. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikiingilia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuondoka na bunduki. Ikiwa wingi na ghafla viliwashinda wenye silaha ndani ya kituo chao, tochi ya mtu mmoja aliyebeba kikapu itafanya nini?

Kuna pia kile kitufe. Tochi nyingi za bei nafuu zina hatua tano zinazofuatana kwenye kitufe kimoja: mkali, wastani, hafifu, wa kupepesa, na ishara ya kuomba msaada. Ili kuufikia mwanga wa kupepesa mkono lazima ubonyeze mara kadhaa, na ukipitiliza unaanza upya. Mchuuzi anafanya hivyo akicheka. Mtu anayetetemeka ataishia kumulika hafifu.

Na kilichoandikwa kwenye boksi ni hadithi nyingine. Utakuta betri ya lithiamu ya aina ya 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, imebandikwa namba 9900 kuonyesha uwezo wa kuhifadhi umeme. Betri bora kabisa za ukubwa huo, kutoka viwanda vinavyoheshimika, huishia kwenye 3500 hivi. Mwanga nao unatajwa kwa makumi ya maelfu ya lumeni, kiasi ambacho taa moja ndogo na betri moja haviwezi kukitoa. Kwa anayetafuta kiatu chini ya kitanda, uongo huo hauna madhara makubwa. Kwa anayeambiwa kwamba kifaa hicho ndicho kitakachosimama kati yake na panga, ni jambo la Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, kuliangalia pale mizigo inapoingia, na mizigo yenyewe inaingilia hapa hapa Kilindini.

Hatari inayonipa wasiwasi zaidi haimhusu mwizi. Tochi hizi sasa ziko mikononi mwa walinzi wa majumba na maduka, vikundi vya ulinzi wa mtaa vya nyumba kumi, na askari wa doria. Anayemulikiwa mwanga wa kupepesa usoni haoni sare, haoni kitambulisho, haoni kama mbele yake kuna mtu mmoja au watano. Akiambiwa asimame, hajui anaambiwa na nani. Akikimbia, anaonekana mwizi. Akisimama, huenda amesimama mbele ya mwizi. Mwaka 2016 shirika la haki za binadamu la Haki Africa lilitoa ripoti iliyokusanya visa 81 vya mauaji na watu kupotezwa katika ukanda wa Pwani tangu 2012, vingi vikihusishwa na vyombo vya usalama. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, kijana wa Bakarani ana sababu ya kutaka kumwona anayemsimamisha. Raia nao wana udhaifu wao: neno mwizi likishapigwa usiku, mawe hufika kabla ya ukweli. Mwanga wa kawaida ungewasaidia kumtambua mtoto wa jirani. Ule wa kupepesa unawachanganya wote, aliyemulikiwa na wanaotazama, mpaka uso hauonekani vizuri.

Wapo pia ambao mwanga huo unawaumiza kwa njia nyingine. Tarehe 16 Desemba 1997, filamu ya katuni ya Pokémon ilionyeshwa katika televisheni ya Japani ikiwa na sekunde chache za mwanga wa rangi uliopepesa. Mamia ya watoto walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa wamepatwa na kifafa. Wanaodhurika hivyo ni wachache hata miongoni mwa wenye kifafa, lakini watafiti wa Kilifi, jirani zetu, wameonyesha kwa miaka mingi kwamba ugonjwa huo ni wa kawaida Pwani na wengi hawapati dawa. Mlinzi anayemulikia foleni ya watu ili kujifurahisha hajui ni nani aliye ndani ya foleni hiyo.

Je, zipigwe marufuku? Hapana, na wenye kuzitetea wana hoja. Kati ya vitu ambavyo mtu aliyeingiwa na hofu angeweza kubeba, tochi ndiyo yenye madhara madogo zaidi. Haikati, haivunji fuvu, na ukikosea mtu anabaki hai. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu kifaa cha kumwaga gesi au kimiminika cha kudhuru kuwa silaha, kwa hiyo dawa ya pilipili si kitu cha kubebwa ovyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inaruhusu kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwanga unaingia humo bila taabu. Kuwanyang'anya akina mama wa sokoni tochi zao huku tukiwaacha njiani gizani kungekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Na hata taa za barabarani zikiwapo, hazitoshi peke yake: Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, na usiku ule aliyekuwa na tochi alikuwa na kitu.

Kwa hiyo ibebwe, lakini kwa kazi yake. Iwashwe mapema, kwa mwanga wa kawaida, ili kuona nani amesimama kwenye kona kabla hujaifikia, na kumjulisha kwamba ameonekana. Wahalifu wengi hupendelea asiyewaona. Hapo tochi inalipa gharama yake, na ile hatua ya nne ya kitufe haihusiki.

Lakini hata tochi nzuri ina mipaka ambayo mnunuzi hawezi kuivuka kwa pesa zake. Inamlinda anayeibeba, tena kwa hatua chache zilizo mbele yake. Usalama wa njia ni kitu cha pamoja, na hapa Katiba ya 2010 haikuacha mwanya: Jedwali la Nne linaitaja taa ya barabarani kuwa kazi ya kaunti, sambamba na barabara za kaunti zenyewe. Ushahidi kwamba taa hizo zinafaa upo pia. Mwaka 2016 jiji la New York lilipeleka minara ya taa katika baadhi ya mitaa yake ya nyumba za umma, mitaa hiyo ikachaguliwa kwa bahati nasibu ili ilinganishwe na mingine. Watafiti waliofuatilia walikuta uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Kisauni si New York, na taa haimpi kijana kazi wala haimrudishi shuleni. Lakini pale walibadilisha mwanga tu, na tofauti ikaonekana.

Sisi nasi tumejengewa. Ile milingoti mirefu ambayo watu waliipa jina la mulika mwizi ilisimamishwa katika mitaa mingi ya mabanda nchini, Mombasa ikiwamo, sehemu kwa fedha za Benki ya Dunia kupitia mradi wa KISIP ulioanza 2011. Siku ya kuwasha hukosi wanasiasa, muziki na kamera. Baadaye balbu inaungua, waya unaibwa, bili ya umeme inabishaniwa, na mlingoti unabaki umesimama bila kazi. Kiongozi akiulizwa, anataja idadi ya milingoti aliyosimamisha. Na kila mtu anayejinunulia tochi anapunguza kidogo kelele ambazo angepiga. Kwa njia hiyo deni la kaunti linahamia mfukoni mwa mama wa mboga, anayelilipa kwa betri.

Mambo matatu yanawezekana bila kusubiri miujiza. Kampuni za ulinzi, ambazo tangu Sheria ya Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 zina mamlaka ya kuzisimamia, ziwape walinzi wao kanuni: sauti kwanza, jitambulishe, mulika chini kifuani, usipepeshe mwanga usoni mwa mtu ambaye hajatishia. Vikundi vya nyumba kumi vifuate hiyo hiyo, na polisi wawe wa mbele kuifuata. KEBS ipime tochi na betri zinazoingia, namba za uongo zing'olewe kwenye boksi.

La tatu ni letu wakazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mwelekeo wa matumizi yake katika bunge la kaunti kabla ya Februari kwisha, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Mikutano ya kuwasikiliza huwa mitupu, au hujaa waliokwenda kwa ajili ya soda. Mwaka huu mwakilishi wa wadi ya Junda, Mtongwe au Port Reitz aulizwe swali moja lenye majibu ya namba: kati ya taa zilizopo, ngapi zinawaka usiku wa leo, na ni shilingi ngapi zimetengwa kuzifanya ziwake mwakani? Akijibu kwa kutaja mlingoti mpya, aulizwe tena.