Kukonda kwa Pupa Kwaleta Mawe ya Nyongo

Wiki jana nilimjulia hali dada mmoja, jirani yetu hapa Tononoka, ambaye harusi yake ilibakisha siku chache tu. Kwa wiki tatu alikuwa akinywa maji ya ndimu asubuhi, akila tango mchana, na usiku akilala na njaa. Kilo nane zikamtoka. Mashoga wakamsifu, na fundi akalipunguza gauni mara mbili. Usiku mmoja alionja biriani kwa shangazi yake. Maumivu yakamshika chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, akatapika hadi alfajiri. Nyumbani walidhani ni vidonda vya tumbo, kumbe kipimo cha picha kilionyesha vijiwe ndani ya mfuko wa nyongo.

Huenda ukauliza: mtu ameacha mafuta, mawe yametoka wapi? Mwili unaponyimwa chakula huyeyusha mafuta uliyoyaweka akiba, na ini humwaga kolesteroli nyingi katika nyongo. Mfuko wa nyongo nao hujikamua vizuri pale tu chakula chenye mafuta kinapoingia tumboni. Usipokula, nyongo hutuama humo, huwa nzito, na kolesteroli huganda chembe chembe hadi ikawa mawe.

Hatari huzidi kwa anayepoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Wanawake wako hatarini zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa. Vivyo hivyo wanene, waliopita miaka 40, wenye kisukari, na wenye jamaa aliyewahi kuugua. Hata sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi zimehusishwa na ugonjwa huu.

Ufanyeje basi? Kwanza, punguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kilo nane za dada yetu zilihitaji wiki 8 hadi 16, si tatu. Pili, usiruke mlo. Punguza mahamri na viazi karai, lakini usiyakimbie mafuta yote. Vijiko viwili vya chai vya mafuta katika mlo hutosha kuukamua mfuko wa nyongo. Tatu, kula mbaazi, maharagwe, mchicha na matunda. Nne, tembea, jioni toka Tononoka hadi Mama Ngina kwa miguu, badala ya kupanda tuktuk. Na ikiwa unene wako wahitaji kupunguzwa kwa haraka, mwone daktari kwanza. Kuna vidonge vya kuzuia mawe ambavyo huwaandikia baadhi ya wagonjwa.

Ukiona maumivu hayaachi, una homa, macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa kama chai ya mkandaa, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali mara moja, kwani mfuko ulioziba waweza kuua.

Dada yetu amepasuliwa, mfuko ukatolewa, na anaendelea vyema. Mtu huishi bila huo mfuko. Harusi imesogezwa mbele. Bwana harusi, nilipomkuta kitandani pa mchumba wake, aliniambia kwamba yeye alimposa akiwa na kilo zake zote, na hakuna aliyemwuliza.

Mwenda pole hajikwai. Tuonane Jumapili ijayo, inshallah.