Kitenzi Kifungoni: Mazoezi ya Kiingereza na Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Lipo zoezi moja ambalo ni nadra kumpata aliyesoma katika shule za Kenya asilikumbuke. Mwanafunzi hupewa sentensi kumi za Kiingereza, akaambiwa azigeuze kutoka wakati uliopo hadi wakati uliopita. Akimaliza hupewa kumi nyingine, azitoe katika kauli ya kutenda na kuzitia katika kauli ya kutendwa. Paka amemla panya; panya ameliwa na paka. Zoezi hilo lina manufaa yake mahali pake. Vitenzi vya Kiingereza vina maumbo mengi yasiyofuata kanuni, na mgeni hawezi kuyamudu ila kwa kuyakariri. Hakuna ugomvi na mwalimu wa Kiingereza anayeifanya kazi yake. Ugomvi upo na mwalimu wa Kiswahili aliyeliazima zoezi hilo kama lilivyo, na zaidi upo na mhakiki wa fasihi aliyetoka nalo shuleni akaingia nalo chuo kikuu, asijue kwamba amelibeba.

Maana zoezi hilo si zoezi tu. Ndani yake mna nadharia mbili ambazo hazitamkwi. Ya kwanza yashikilia kwamba kila umbo la kitenzi ni jina la wakati fulani: jana, leo au kesho. Ya pili yashikilia kwamba sentensi ya kutenda na sentensi ya kutendwa ni kitu kimoja kilichovishwa nguo mbili. Nadharia ya kwanza si kweli hata kwa Kiingereza chenyewe. Ya pili yaua uhakiki wa fasihi kabla haujazaliwa.

Yafaa kuanza na chimbuko lake. Lindley Murray alipochapisha sarufi yake ya Kiingereza mwaka 1795, kitabu kilichotawala madarasa kwa miongo mingi, aliorodhesha nyakati sita za kitenzi. Kwa nini sita? Kwa sababu Kilatini kilikuwa na sita, na Kilatini ndicho kilichokuwa kipimo cha lugha ya mtu mstaarabu. Ilichukua muda mrefu kwa Waingereza wenyewe kujinasua. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kuu ya mwaka 1985, walikubali nyakati mbili tu zinazooneshwa na umbo la kitenzi: uliopo na uliopita. Mengine yote ni hali, au ni kazi ya vitenzi visaidizi. Kwa hiyo jedwali la nyakati kumi na mbili ambalo mtoto wa Kenya hukaririshwa lilikwisha kukataliwa na wanaisimu wa lugha ile ile liliyokusudiwa kueleza.

Kabla ya hapo jedwali lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Sarufi ya Edward Steere ya mwaka 1870, na ile ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, ziliandikwa kwa Kiingereza ili kumfaa msomaji wa Kiingereza anayejifunza Kiswahili. Katika Ashton, viambishi -ki-, -ka- na hu- vyote hutajwa kwa jina la wakati. Ashton hapaswi kubebeshwa lawama nzito. Alifahamu kwamba viambishi hivyo hubeba mambo zaidi ya wakati, na alijitahidi kuyaeleza. Kosa ni la waliomrithi: walichukua jina, wakaacha maelezo.

Tazama kiambishi -me-. Katika zoezi la tafsiri, mwanafunzi akiona “amesimama” atatafuta umbo la Kiingereza linaloeleza kitendo kilichokwisha, na atakuwa amekosea. Aliyesimama yu wima sasa hivi. “Amevaa kanzu”, “amelala”, “amechoka”: haya si matukio yaliyopita bali ni hali iliyopo, iliyoletwa na tukio. Kiambishi hiki chatazama nyuma na kuonesha kilichobaki. Tazama pia -ka-. Mwanafunzi huambiwa kwamba ni dalili ya wakati uliopita, kwa sababu hukiona katika hadithi. Lakini anayesema “nenda kamwite” hazungumzii jana. Kiambishi hiki hakina wakati wake. Huukopa kwa kitenzi kilichotangulia na kuusukuma mbele. Na wahariri wa magazeti ya Kiswahili, wanapoandika “Wezi wanaswa bandarini” kuhusu jambo la juzi, wanajua kwamba umbo la -a- laweza kulileta tukio mbele ya macho ya msomaji bila kujali kalenda.

Huenda mtu akauliza: haya yahusuje fasihi? Yahusu sana. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aiambia nafsi yake iyatazame magofu ya Pate na kuwakumbuka mabwana waliokuwa wakiyakalia. Nguvu ya utenzi huo, kwa sehemu kubwa, imo katika ukamilifu wa kale wa lahaja za kaskazini, ule unaooneshwa mwishoni mwa kitenzi, ambamo “-wele” ni sawa na kusema “-mekuwa”. Umbo hilo halielezi kwamba nyumba zilibomoka zamani. Laeleza kwamba zimebomoka na zi hivyo hivyo mbele ya mtazamaji. Mhakiki anayezisoma beti hizo kama habari za wakati uliopita huugeuza waadhi kuwa historia, na nafsi iliyokuwa ikishtakiwa huachiwa huru. Hali kadhalika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama amuusia bintiye. Vitenzi vyake vingi ni vya kuamuru na kutaka. Vitenzi hivyo havina chumba katika jedwali la nyakati. Ndiyo sababu mwanafunzi akiulizwa matumizi ya wakati katika utendi huo hubaki kimya, au hubuni.

Nadharia ya pili ina madhara makubwa zaidi. Zoezi la kugeuza kauli hutolewa kwa sharti kwamba maana isibadilike. Basi na ageuze: “Juma alimwoa Asha.” Atapata: “Asha aliolewa na Juma.” Mwalimu atampa alama, na somo litakuwa limepotea. Kiswahili hakikuweka hapa jozi ya sentensi mbili zilizo sawa. Kiligawa ndoa kwa jinsia, mwanamume akawa mtenda na mwanamke mtendwa. Mwanamume akisemwa kwamba “ameolewa”, hayo si mabadiliko ya sarufi, ni tusi. Mhakiki anayetaka kuandika juu ya mwanamke katika riwaya ya Kiswahili, na aliyefundishwa kwamba kauli hizo mbili zina maana moja, ameziba masikio yake mwenyewe.

Zipo na kauli za kutendwa ambazo zoezi halina la kuzifanya. “Amefiwa na baba yake.” “Tumenyeshewa.” Mwenye msiba na mwenye kuloa ndio kiima cha sentensi, lugha yawaweka mbele, na tukio lawajia. Na lugha yaweza kubadilisha kiima bila kuigusa kauli ya kutendwa: “nyoka ameingia nyumbani”, “nyumba imeingia nyoka”. Wilfred Whiteley alikwisha kuyashughulikia mambo ya namna hiyo mwaka 1968 katika utafiti wake juu ya uelekezi wa vitenzi vya Kiswahili. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na bado daftari la mwanafunzi limejaa paka na panya.

Lakini balaa kubwa imo katika siasa ya matini. George Orwell, katika insha yake maarufu ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alimshauri mwandishi aepuke kauli ya kutendwa kila iwezekanapo kutumia ya kutenda. Tangu hapo imekuwa ada ya wahakiki wengi kuishuku kauli hiyo kama pazia la kumfichia mtenda. Ada hiyo imeingia katika uhakiki wa Kiswahili bila kukaguliwa mlangoni. Mtahiniwa huhesabu viambishi -w- katika riwaya, kisha akatoa hukumu kwamba mwandishi anawaficha wakosaji.

Hajui kwamba amepekua chumba kisicho chenyewe. Katika Kiswahili, anayesema “kikombe kimevunjwa” amekiri kwamba yupo aliyekivunja, hata asipomtaja. Anayesema “kikombe kimevunjika” ndiye aliyemwondoa mtenda kabisa. Kauli ya kutendwa humwacha mkosaji bila jina. Kauli ya kutendeka huliacha kosa bila mkosaji. Linganisha “fedha ziliibwa” na “fedha zilipotea”, au “makosa yalifanywa” na “makosa yalifanyika”. Kiongozi anayejua Kiswahili hachagui -w-. Huchagua -k-, au kitenzi ambacho hakikuwa na mtenda tangu asili. Na mnyonge naye, anapotaka kushtaki pasipo kuthubutu kutaja, hutumia ile ile kauli ya kutendwa ambayo mhakiki aliishuku: “Nimenyang’anywa shamba langu.” Hapa -w- si pazia, bali ni kidole kilichonyooshwa. Basi uhakiki ulioazima kipimo chake humshtaki mlalamikaji na kumwachia mshtakiwa.

Watetezi wa mazoezi watajibu kwamba kauli ya kutendeka hufundishwa. Naam, hufundishwa: pika, pikia, pikwa, pikika, pikisha. Ni orodha ya mnyambuliko, inayokaririwa kama jedwali la kuzidisha. Haifundishwi kama uchaguzi wa mwandishi mbele ya kauli nyingine aliyoweza kuichagua akaiacha. Watasema pia kwamba mtihani wataka jibu moja lililo sahihi. Hiyo yaweza kuwa hoja ya mtahini. Haiwezi kuwa hoja ya mwanazuoni.

Isidhaniwe kwamba yanayodaiwa hapa ni kuvifukuza vitabu vya Kiingereza. Isimu ya kisasa ya lugha hiyo ndiyo iliyosaidia kufichua ubovu wa jedwali la Murray, na mwalimu wa Kiswahili ana haki ya kunufaika nayo. Kinachopingwa ni kuchukua kwa jirani kile ambacho jirani mwenyewe alikwisha kukitupa jalalani.

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ushindi huo utakuwa wa jina tu ikiwa kitenzi cha Kiswahili kitaendelea kufafanuliwa kwa majina ya kitenzi kingine. Idara za Kiswahili zina uwezo wa kuanza kesho: katika darasa la uhakiki, badala ya “geuza bila kubadilisha maana”, mwanafunzi aulizwe, “geuza, kisha ueleze ni nini kilichobadilika, na ni nani aliyenufaika kwa badiliko hilo.” Atakayeweza kulijibu swali hilo kuhusu kikombe kilichovunjika hatashindwa kulijibu kuhusu nchi.