Moshi wa Magari: Mwenye Gari Aulizwe

Kila akaaye Dar es Salaam anaujua moshi mweusi utokao katika daladala na malori yaondokapo kituoni. Wauvutao zaidi ni wale ambao kazi yao iko barabarani: kondakta mlangoni, mama lishe, mchuuzi, na askari wa usalama barabarani mwenyewe. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huwaletea wanadamu saratani.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa mwaka 2004, na kanuni za ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Lakini akisimamishwa mtu barabarani kwa ajili ya moshi, huyo ni dereva, na gari si lake. Jioni humpelekea tajiri hesabu yake, na nozeli zikichakaa hana amri ya kulilaza gari likatengenezwe. Faini yamtoka yeye, na kesho yake gari latoa moshi ule ule. Twasema wazi kwamba huko ni kumtoza mfanyakazi kwa ubovu wa mali ya mwingine.

Jina la mwenye gari limo katika kadi ya usajili, na hapo ndipo pa kumshikia. Wajapani wanalijua jambo hili. Kwao motokaa ya mtu binafsi hupimwa itimizapo miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, moshi wake pia. Isiyofaulu haina ruhusa barabarani. (Nayo ni sababu mojawapo ya magari yao kuukuu kuletwa kwetu.) Katika jimbo la California, Marekani, tangu mwaka 1984 magari mengi hayahuishiwi usajili mpaka yapate cheti cha moshi.

Hapa gari husajiliwa mara moja, basi. Zamani mwenye gari alikuwa na siku ya kukutana na serikali kila mwaka, siku ya kulipia leseni ya gari. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 2017, na fedha zake zikatafutwa katika mafuta. Hatuombi ada ile irudi. Twaomba siku irudi. Iwe siku ya kipimo, na gari lisilofaulu usajili wake usimamishwe mpaka litengenezwe. Kwa mabasi na malori hapana haja ya kungoja, maana leseni zao za LATRA huhuishwa kila mwaka.

Watakuwapo wasemao kwamba nauli itapanda. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, haipangwi na tajiri. Wengine wasema vyeti vitauzwa, na hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo moshi upimwe kwa mashine, si kwa jicho la mkaguzi, na hesabu ya mashine iingie moja kwa moja katika daftari la usajili. Hata hivyo mashine nazo hudanganywa: mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba Volkswagen iliyawekea magari yapatayo milioni 11 programu ya kupunguza hewa chafu wakati wa kupimwa tu. Ikiwa kampuni kubwa namna ile ilifanya hila, sembuse tajiri wa mabasi matatu? Apimaye asiwe atengenezaye, na magari mengine yapimwe tena barabarani bila taarifa. Likionekana bovu, dereva apewe hati ampelekee tajiri wake, na faini iandikwe kwa jina lililo katika kadi.