Msomaji Anapodai Jibu

Kuna lawama moja ambayo imeziandama riwaya mbili za mwisho za Euphrase Kezilahabi kwa zaidi ya miaka thelathini: kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991) hazieleweki. Msomaji aliyemfahamu mwandishi huyu katika Rosa Mistika (1971), akamfuata hadi Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), alipofika hapa alijikuta ugenini. Hakuna Ukerewe tena, hakuna kijiji cha ujamaa. Kuna safari zisizo na ramani na ulimwengu ulioteketea. Wapo waliosema kwamba mwandishi amewakimbia wasomaji wake ili azungumze na wasomi wenzake. Wapo waliohoji iwapo vitabu hivyo ni riwaya.

Sehemu ya kwanza ya lawama hiyo ina haki. Kezilahabi ndiye aliyetuletea Kichomi (1974), akatetea ushairi unaotumia lugha ya kila siku hata alipobishana na wanamapokeo. Msomaji aliyeahidiwa lugha ya kila siku hakosei akiuliza kwa nini mlango umefungwa. Kumwita mvivu ni kumwonea.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoikataa. Hivi karibuni, huko Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, mwalimu mmoja kijana wa sekondari aliniuliza: “Dokta, tukishamaliza Mzingile, ujumbe ni upi? Mbona mwandishi ametuacha kwenye magofu?” Swali lake ni la dhati, na ni la wengi. Lakini tuangalie limetoka wapi.

Kwa miongo mingi tumefundisha fasihi kwa kuichambua katika mafungu mawili, fani na maudhui, na ndani ya maudhui tumemtaka mwanafunzi ataje dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi. Utaratibu huo una faida katika mtihani. Hasara yake ni kwamba humzoesha kijana kuamini kwamba kila hadithi ina jibu lililofichwa na mtu mwenye mamlaka, na kwamba kazi yake yeye ni kulipokea na kulinakili. Akikutana na kitabu kisichotoa jibu, huona ameibiwa.

Hapo ndipo jambo hili linapovuka mipaka ya darasa. Mzingile ilitoka mwaka uleule wa 1991 ambao Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi iliyowekwa na Azimio la Arusha la 1967. Mwaka uliofuata tukaingia katika mfumo wa vyama vingi. Sidai kwamba Kezilahabi aliyatabiri hayo. Ninachosema ni kwamba taifa zima lilikuwa limefika mwisho wa hadithi moja kubwa bila kupewa nyingine, na raia aliyelelewa kusubiri maelekezo akabaki akiuliza kama mwalimu yule: sasa ujumbe ni upi? Swali hilo tunalisikia hadi leo kila unapokaribia uchaguzi, likielekezwa kwa viongozi badala ya kuelekezwa kwetu wenyewe.

Nao mwisho wa Mzingile si wa kukata tamaa kama unavyosemwa. Baada ya maangamizi wamebaki watu, mwanamume na mwanamke, na mbele yao upo uwezekano wa kuanza. Mwandishi hakuwapa katiba wala mkuu wa kuwaongoza. Tabora ya misafara inaijua hali hiyo: Unyanyembe haikuwa kikomo cha safari. Mpagazi aliyetoka pwani alikuta njia zinagawanyika, moja kuelekea Ujiji, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda, na kufika njia panda hakukuwa kupotea.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Siku mtakapoifikisha Mzingile darasani, acheni swali la ujumbe lisubiri kipindi kimoja. Waulizeni vijana kwanza: wawili hawa wajenge nini, na kwa masharti gani? Mkiona darasa limegawanyika na kubishana, msiharakishe kuamua. Ubishi huo ndio tulioukosa kwa muda mrefu.